Maswali Yenu: Chumvi, Kutu na Sanduku la Kikundi

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Tanga mjini, na nusu yake zinalalamikia kitu kilekile kwa majina tofauti: cheni inalia, kufuli limegoma, jiko linachafua sufuria. Tumechagua zile ambazo jibu lake linaweza kumfaa na jirani. Majina tumeyaacha, mtaa unatosha.

Nina Phoenix ya inchi 28 ninayokwendea kazini kutoka Sahare, na Jumapili klabu yetu ya baiskeli huzunguka Raskazone, mara nyingine tunashuka hadi mchangani. Cheni niliibadilisha mwaka jana, tayari ina kutu na inalia. Naitia mafuta kila wiki, tena mengi. Nakosea wapi? Mwendesha baiskeli, Sahare

Bidii unayo. Kilichokosekana ni mpangilio: unatia mafuta juu ya chumvi. Maji ya bahari yakikauka kwenye cheni huacha chembe za chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani hata siku ambayo baiskeli haikutoka nje. Ukimwaga mafuta juu yake unaifungia palepale ilipo, ndani ya roli, vile vigurudumu vidogo vya cheni. Mafuta yaliyozidi yanabaki nje, yanashika mchanga, na mchanganyiko huo unasaga cheni na meno ya sproketi kila unapokanyaga pedali.

Anza na maji ya bomba. Siku mliyoshuka ufukweni, baiskeli ioshwe jioni ileile. Ndoo moja na kitambaa vinatosha. Mwagia taratibu kutoka juu, wala usielekeze mpira wenye presha kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu, au kwenye ekseli ya katikati, kwa sababu mle ndani mna goroli na grisi, na maji yakishaingia hayana njia ya kutoka. Futa, kisha iache penye upepo hadi ikauke kabisa.

Baada ya hapo chukua nusu kikombe cha mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Pindua baiskeli, zungusha pedali kinyumenyume huku ukisugua cheni pande zote nne, na usisahau meno ya friwili, yale ya gurudumu la nyuma, ambako uchafu mweusi hujibanza. Pangusa kwa kitambaa mpaka kisitoke cheusi tena. Subiri mafuta ya taa yakauke, maana yakibaki yanayeyusha mafuta mapya utakayotia.

Sasa mafuta yenyewe. Tone moja kwa kila roli, upande wa ndani wa cheni, ule unaogusa meno. Cheni ya baiskeli kama yako huwa na pini 112 hivi, kwa hiyo cheni nzima inakula kama kijiko kimoja cha chai. Zungusha pedali dakika moja mafuta yaingie, ngoja robo saa, halafu futa nje hadi cheni ionekane kavu. Hapo ndipo wengi wanashindwa, wanaona wanapoteza mafuta. Mafuta ya nje hayana kazi zaidi ya kuokota mchanga.

Mafuta ya cherehani ni mepesi na yanafaa kipindi cha ukavu, ila mvua moja ya masika inayaondoa. Oili mpya ya injini namba 40 inakaa zaidi. Ile oili chafu inayotolewa gereji bure usiiguse: imebeba vumbi la chuma kutoka ndani ya injini, na una uhakika wa kusaga cheni kwa vumbi hilo. Grisi nayo ni ya haba na goroli, si ya cheni.

Kabla ya kununua cheni nyingine, ipime hiyo. Weka rula katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya inakupa inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na moja ya nane, imekwisha, na ukiendelea nayo inakula friwili, ambayo bei yake itakuuma zaidi. Kutu ya juujuu haiui cheni. Pini iliyokakamaa isiyokunjika ndiyo dalili mbaya. Mwisho, angalia ulegevu: katikati, cheni ipande na kushuka kama nusu inchi hadi robo tatu. Ikibana sana inakula goroli, ikilegea sana inaruka.

Kila nikikanyaga pedali ya kushoto nasikia "ko". Fundi wa kwanza alibadilisha pedali, wa pili alikaza nati, na "ko" bado ipo. Muuza mikate, Ngamiani

Kwa baiskeli ya kubeba mzigo, na mikate ni mzigo ukijumlisha sanduku lake, mtuhumiwa wa kwanza ni kota pini, kile kipini cha chuma kinachoshika kranki, yaani mkono wa pedali, kwenye ekseli. Hakikisha hivi. Shika kranki zote mbili, moja kwa kila mkono, zitikise kinyume. Moja ikicheza peke yake huku nyingine imetulia, ni pini. Zikitikisika pamoja kwenda kushoto na kulia, ni goroli za katikati au vikombe vyake vimelegea. Zikiwa imara zote mbili, rudi kwenye pedali.

Kukaza nati hakusaidii, na hapo fundi wa pili aliharakisha. Pini inashika kwa ule ubapa wake uliochongwa kujibana kwenye ekseli. Nati kazi yake ni kuizuia isirudi. Ukiivuta pini kwa nguvu ya nati, unakata nyuzi tu.

Kuitoa: legeza nati hadi ilingane na ncha ya pini, ili nyundo ipige nati na nyuzi zisipondeke. Chini ya kranki simamisha bomba nene la chuma hadi sakafuni, pini ipate nafasi ya kushukia ndani ya bomba. Piga pigo moja la uhakika. Mapigo madogo madogo yanapinda pini na kuifanya igome. Kama ina kutu, itie mafuta ya taa usiku kucha kabla ya kupiga.

Nenda dukani na pini ya zamani mkononi. Nyingi ni milimita 9.5, lakini ziko za 9, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukurudisha dukani mara ya pili. Pini mpya ikisimama juu mno, chonga ubapa wake kwa tupa kidogo kidogo, ukiujaribu kila mara, na ubaki umenyooka. Pini za kushoto na kulia zinaingia zikiwa zimepeana migongo. Ukizielekeza upande mmoja, kranki hazitakaa kwenye mstari mmoja na mguu utalisikia hilo kabla ya jicho. Gonga, kaza, endesha kama kilomita moja, halafu gonga na kukaza tena. Mara hii ya pili ndiyo inayorukwa, na ndiyo maana "ko" hurudi baada ya wiki.

Usiendelee kubeba mikate nayo hivyo. Pini legevu inatanua tundu la kranki na kula mfereji wa ekseli, na hapo pini mpya haitashika tena. Kwa faida ya mafundi wa nyumbani: pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, inafunguka kwa kuzungushwa kufuata saa. Wengi wameharibu kranki nzima kwa kutolijua hilo.

Klabu yetu ina waendeshaji 14 na mfuko mmoja wa vifaa. Kila safari ndefu kuna kitu kimepotea. Tuweke nini ndani na tuulinde vipi? Katibu, Chumbageni

Mfuko wa watu 14 hauhitaji duka zima. Safari ya kwenda Amboni au Tongoni na kurudi, wekeni tyubu mbili za saizi inayotumiwa na wengi wenu, viraka na solusheni, kipande cha msasa, pampu moja nzuri na mpira wake wa akiba, vyuma viwili vya kubandulia tairi, spana ya nati za ekseli, bisibisi, nyundo ndogo, kota pini mbili, kipande cha cheni chenye kiungo cha kuunganishia, na waya laini wa mita moja. Waya unaokoa mambo mengi: kariya iliyovunjika, madigadi linalogonga tairi, hata breki.

Solusheni ikishafunguliwa hukauka ndani ya tyubu yake, hasa kwa joto letu. Nunueni ndogo mbili kuliko kubwa moja, na mfungue ya pili ile ya kwanza ikiisha. Kiraka kikibanduka, mara nyingi kosa ni haraka: solusheni inapakwa, inaachwa dakika tatu hadi tano mpaka isinate kidoleni, ndipo kiraka kinabandikwa. Ukikibandika ingali mbichi, kinateleza. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi kwa uangalifu, maana mwiba uliotoboa mara ya kwanza bado upo.

Kuhusu kupotea, msitafute mwizi. Vifaa vya klabu vinapotea kwa sababu kila mtu anajua viko kwa mwingine. Andikeni orodha kwa wino usiofutika upande wa ndani wa kifuniko cha mfuko, na mchagueni mtu mmoja mwenye mfuko kwa miezi mitatu. Siyo mwenyekiti, ana mengine. Mfuko unahesabiwa mara mbili: kabla ya kuondoka na pale mnaporudi, kabla ya watu hawajatawanyika kwenda kunywa kahawa. Aliyetumia tyubu anarudisha tyubu au fedha yake kabla ya safari inayofuata, na hilo liandikwe kwenye katiba ya klabu ili mwenye mfuko asionekane mchokozi anapodai. Kila kifaa kipigwe mstari wa rangi moja. Spana yenye rangi ya klabu hukaa kwa aibu kwenye droo ya mtu. Spana zipakwe mafuta kidogo na kufungwa ndani ya kitambaa kikavu, na mfuko usiwekwe chini sakafuni.

Shikamoo mhariri. Sisi ni kikundi cha kina mama 22, tunaweka hisa za Sh 2,000 kila Jumamosi. Mweka hazina anakaa na sanduku na funguo zote. Ni mtu mwaminifu, lakini safari hii fedha zimepungua Sh 46,000 na sasa watu hawatazamani. Tumdai? Na mwisho wa mwaka tunagawanaje, maana wengine wana hisa nyingi na wengine chache? Mwanachama, Makorora

Marahaba, mama. Msimdai kwanza. Kaeni mhesabu upya, mbele ya wote, na daftari lisomwe kwa sauti. Chukueni fedha iliyokuwamo mkutano uliopita, ongezeni hisa zilizowekwa, marejesho ya mikopo na faini zilizolipwa, kisha toeni mikopo iliyotolewa na matumizi. Jibu ndilo linalopaswa kuwa sandukuni. Sehemu mbili ndizo zinazoficha upungufu mara nyingi: faini iliyoandikwa kana kwamba imelipwa wakati mtu alisema "nitaleta", na mkopo mdogo uliotolewa katikati ya wiki bila kuandikwa kwa sababu mtoto wa mtu aliugua. Linganisheni pia daftari kubwa na kijitabu cha kila mwanachama. Penye tofauti, ndipo penye tatizo.

Lakini hata mkiipata hiyo 46,000, mpangilio wenu utaizaa nyingine. Mmempa mtu mmoja sanduku na funguo zote, na siku hesabu ikikosea hana namna ya kujitetea. Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa una sanduku lenye kufuli tatu, na sababu yake ni kumlinda yeye kuliko kumshuku. Funguo tatu zikae kwa wanachama watatu wa kawaida, wasio viongozi, wanaokaa nyumba tofauti. Mtunza sanduku hana ufunguo. Mwenye ufunguo akisafiri, anaukabidhi kwa mbadala aliyekwishatajwa kwenye katiba, kamwe siyo kwa mtunza sanduku wala kwa mwenye ufunguo mwingine. Sanduku halifunguliwi nje ya mkutano, hata kwa msiba. Kwa misiba na ugonjwa mnaweka mfuko wa jamii, kila mtu kiasi kidogo sawa kila mkutano, na akihitaji mtu, mnaitana mkutano wa dharura wa nusu saa.

Kila mkutano ukiisha, katibu atangaze tarakimu mbili tu: kilichomo kwenye mfuko wa mikopo na kilichomo kwenye mfuko wa jamii. Wote wazikariri. Mkutano unaofuata, kabla ya kufungua, muulizeni yeyote azitaje, kisha mhesabu. Kina mama 22 wanaokumbuka tarakimu zilezile ni ulinzi ambao daftari peke yake haliwezi kutoa.

Kugawana kunatisha kwa jina tu. Kila hisa inapata sawa, basi mwenye nyingi anapata zaidi bila ugomvi. Tuseme mwaka mzima mmeweka hisa 3,000, yaani Sh 6,000,000. Riba na faini zimeingia, na mikopo yote ikisharudi sandukuni mna Sh 6,900,000. Gawanyeni kwa 3,000: kila hisa ni Sh 2,300. Mwenye hisa 180 aliweka Sh 360,000, anachukua Sh 414,000. Mwenye hisa 60 aliweka Sh 120,000, anachukua Sh 138,000. Mfuko wa jamii uhesabiwe mbali. Mnaweza kuubakiza kuanzia mzunguko mpya.

Ugumu uko kwenye mikopo ya mwisho. Acheni kukopesha mapema ili mkopo wa mwisho uwe umerudi angalau mwezi mmoja kabla ya siku ya kugawana. Asiyelipa hadi hapo anakatwa kwenye hisa zake, na ndiyo sababu mkopo haupaswi kuzidi mara tatu ya hisa za mkopaji, tena wengine huona hata mara tatu ni nyingi kwa mwanachama mgeni. Wiki mbili za mwisho sanduku huwa zito kuliko usalama wa nyumba yoyote ya Makorora, kwa hiyo fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu na fedha ilale huko.

Kama bado hamjasajiliwa, anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi vya aina yenu visajiliwe, viko daraja la nne. Usajili pia ndio mlango wa mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Jiko la gesi linatoa moto wa njano na sufuria zinakuwa nyeusi. Halafu mtungi wa kilo 6 unaisha ghafla, nashindwa kujua umebaki kiasi gani. Mama wa Mikanjuni

Moto wa njano maana yake gesi haipati hewa ya kutosha kabla ya kuwaka. Funga vali ya mtungi, jiko lipoe, nyanyua vichwa vya moto. Vioshe kwa maji ya moto na sabuni, sugua kwa mswaki, na matundu ya pembeni yazibue moja moja kwa sindano. Kile kipande kidogo cha shaba kilichoko chini, chenye tundu jembamba gesi inapotokea, usikichokonoe kwa chuma: tundu likitanuka hata kidogo, gesi inapita nyingi na moto unazidi kuwa wa njano. Kipulize tu. Tazama pia bomba fupi linaloingiza hewa, maana buibui hupapenda na utando wake unatosha kuziba. Kausha kila kitu kabisa kabla ya kurudisha, na kichwa kikae sawasawa kwenye nafasi yake. Maji yaliyobaki kwenye matundu huleta moto wa njano uleule, na watu hudhani usafi haukusaidia. Pwani hapa rudia kila mwezi, kwa sababu kutu ya chumvi inaziba matundu hata kama huna tabia ya kumwaga uji.

Mtungi upimwe kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa mhuri au kuandikwa kwenye shingo yake. Ukisema 7.2, basi mtungi uliojaa unapima 13.2, ukikuta 9, umebakiwa na kilo 1.8. Pima na siku ya kununua, palepale dukani, mbele ya muuzaji. Muuzaji mwema hachukii. Kama mizani iko mbali, mwagia kikombe cha maji ya moto ubavuni mwa mtungi, ngoja kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kushuka. Penye joto hakuna kitu, panapoanza ubaridi ndipo gesi iliyo katika hali ya maji ilipo.

Kuisha ghafla kuna hesabu yake. Kichwa kikubwa cha kilowati 3 kikiwa wazi kabisa kinakula gramu 230 hivi kwa saa, kwa hiyo kilo 6 ni kama saa 26 za moto mkali. Maharage yasiyolowekwa yakipikwa saa mbili kwa moto huo yanaondoka na karibu nusu kilo. Yaloweke usiku, yakishachemka punguza moto hadi yawe yanatokota tu. Maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka kwa utulivu.

Mtungi usimame wima, juu ya ubao au kigae, usikae kwenye saruji yenye majimaji, maana kitako ndicho kinachoanza kula kutu. Mpira ukipasuka nyufa ukiukunja, badilisha. Kila unapounganisha mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye viungo: likitokeza mapovu, panavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Ukisikia harufu, funga vali, fungua milango, na usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima.

Mipira ya timu yetu ya mtaa inaisha upepo kila baada ya siku mbili. Tunachezea ufukweni na tunajaza kwa pampu ya baiskeli. Kocha wa watoto, Mwambani

Pampu haina kosa. Sindano ndiyo yenye kosa, ikiingizwa kavu au kwa kupinda. Ilowanishe kwa tone la gliserini, hata mate yanafaa, iingize ikiwa imenyooka. Zamisha mpira kwenye ndoo uone mapovu yanatokea wapi: yakitoka kwenye vali, tone mbili za gliserini na kuuacha siku nzima mara nyingine huizuia, yakitoka kwenye mshono, tundu liko kwenye kibofu. Yasipotoka popote, huenda kibofu ni cha mpira wa asili, ambao hupoteza upepo kwa kawaida ndani ya siku chache, na hapo kujaza kabla ya mazoezi ndiyo dawa.

Sheria za soka zinataka mpira namba 5 uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70, gramu 410 hadi 450, na presha ya atmosfia 0.6 hadi 1.1. Wako ni watoto: wa miaka 8 hadi 12 wape namba 4, walio chini ya hapo namba 3. Kumpa mtoto wa miaka tisa namba 5 iliyojazwa hadi igome ni kumfundisha kuogopa kupiga kichwa. Baada ya mchanga, oshea mipira maji baridi, kausha kivulini, na punguza upepo kidogo kabla ya kuihifadhi. Jezi nazo zisilale kwenye gunia zikiwa na jasho hadi Jumamosi nyingine. Namba za mgongoni hubanduka kwa maji ya moto na pasi, basi zifuliwe kwa maji baridi zikiwa zimegeuzwa ndani nje.

Cherehani yangu ya Butterfly inaruka mishono kwenye kitenge. Nimekaza uzi, nimelegeza, haikusaidia. Mshonaji, Nguvumali

Rudisha uzi ulipokuwa na ubadilishe sindano. Hata inayoonekana nzima huchoka baada ya saa nane hadi kumi za kushona, na ncha iliyojikunja huwezi kuiona, ila ukiipitisha kwenye ukucha inakwaruza. Kwa kitenge na kanga tumia namba 14, kwa suruali nzito 16, kwa jinzi 18. Sindano ipande hadi juu kabisa ndipo ukaze skrubu. Ikishuka hata milimita moja, ncha inayochukua uzi inakosa kitanzi, na hapo ndipo mshono unaporuka. Upande bapa utazame upande ilipo ncha hiyo, na uzi uingie kutoka upande wenye mfereji mrefu.

Bado inaruka? Fungua bamba la meno, toa vumbi la pamba lililogandamana, angalia kama ncha ya kuchukulia uzi ina kutu au mkwaruzo. Isugue kwa msasa laini sana. Kisha ning'iniza kasha la bobini kwa uzi wake: likishuka lenyewe limelegea, lisiposhuka hata ukilitikisa limebana, linapaswa kushuka kidogo kwa kila mtikiso. Mafuta ni ya cherehani tu. Ya nazi yanaganda na kunata, na mashine inakuwa nzito mguuni kiasi kwamba unadhani mkanda umechoka. Usiku ifunike kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani.

Kufuli la geti limekakamaa, nalitia mafuta ya kula, linafunguka siku mbili linagoma tena. Msomaji, Raskazone

Mafuta ya kula yanageuka gundi na kushika mchanga. Lijaze mafuta ya taa, tia ufunguo na kuutoa mara nyingi, ligeuze uchafu umwagike, lianike mpaka likauke. Kisha kwangua ncha ya penseli nyeusi, unga wake uupulize ndani ya tundu kwa mrija wa karatasi, na uupake ufunguo pia. Ukinunua jipya, chagua la shaba, na liangalie kwanza kwa sumaku: mengi yamepakwa rangi tu ya shaba, na sumaku itayanasa.